Kutolewa kizazi: kinachotoka na kinachobaki

“Itabidi tutoe kizazi.” Daktari huisema sentensi hiyo kwa sekunde chache, lakini mwanamke anayeambiwa hurudi nayo nyumbani, hulala nayo, na wapo ambao hawarudi tena kliniki.

Neno lenyewe ni zito. Kizazi ni kiungo, lakini kwa Kiswahili kizazi ni uzao pia, watoto na wajukuu. Ndiyo maana hata mama wa watoto wanne, asiye na mpango wa kuzaa tena, anaweza kuona kama ananyang’anywa uanamke wake. Hapo hajasikia bado maneno ya saluni na ya ukweni: hamu itakwisha, tumbo litabaki na shimo, mume ataondoka.

Basi anaendelea kuvuja. Anabadilisha pedi kila baada ya saa moja, anachagua nguo nyeusi, anapanda ngazi akihema, na nyumbani wanadhani ni uchovu wa kazi. Hedhi nzito ya kila mwezi huleta upungufu wa damu, na upungufu ukiwa mkali hata moyo hulemewa.

Kizazi cha mwanamke asiye mjamzito kinakaribia ukubwa wa ngumi yake. Kazi yake ni kubeba mimba, na hedhi ni utando wake wa ndani unaobanduka. Homoni za kike hazitengenezwi humo. Zinatoka kwenye ovari, vile vifuko viwili vya mayai vilivyo pembeni, na si lazima ovari zitolewe pamoja na kizazi. Zikibaki, hedhi inakoma na mimba haiwezekani tena, lakini homoni zinaendelea kutoka, ingawa ukomo wa hedhi unaweza kuwahi kidogo. Zikitolewa kabla ya umri wa ukomo, mabadiliko huja kwa kishindo: joto la ghafla, jasho la usiku, uke kuwa mkavu na, baadaye, mifupa kudhoofika.

Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kutia saini ni hili: “Daktari, ovari zangu zinabaki?” La pili ni kuhusu mlango wa kizazi. Ukiachwa, uchunguzi wa saratani yake unaendelea kama zamani.

Na lile shimo? Halipo. Utumbo husogea ukajaza nafasi hiyo. Kuhusu tendo la ndoa, wengi waliokuwa wakiumia na kuvuja damu huona nafuu wakishapona.

Si kila mwenye uvimbe kwenye kizazi anahitaji kufika huko. Uvimbe wa fibroidi usiosumbua unaweza kuachwa na kufuatiliwa. Zipo dawa za kupunguza damu, kipo kitanzi chenye homoni, na upo upasuaji wa kutoa uvimbe peke yake kwa anayetaka bado kuzaa. Swali la “kuna njia nyingine?” si utovu wa adabu. Mambo ni tofauti kwenye baadhi ya saratani, au kwa mzazi anayevuja damu isiyozuilika baada ya kujifungua. Huyo huenda asipate hata dakika za kujadiliana.

Huu ni upasuaji mkubwa. Damu inaweza kutoka nyingi, mshono kupata maambukizi, damu kuganda miguuni, au kibofu kujeruhiwa. Anayevujwa na mkojo baada ya upasuaji asijifiche ndani. Inaweza kuwa fistula, nayo hutibika.

Mume naye aende kliniki. Haendi kutoa ruhusa, kwa kuwa mwili ni wa mkewe. Anaenda kusikia mwenyewe, badala ya kusimuliwa na dada zake. Tena yeye ndiye atakayebeba ndoo.

Kupona baada ya kupasuliwa tumbo huchukua wiki 6 hadi 8, na wiki ya tatu ndiyo yenye mtego. Mshono wa nje umekauka, mama anatembea, anacheka, wageni wanasema amepona. Ndani bado. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji. Na mtoto wa miaka mitatu, ambaye haelewi kwa nini habebwi, anaweza kupandishwa kitandani na mtu mwingine akalala ubavuni mwa mama yake.