Karatasi Zisizo na Nakala ya Pili

Maktaba maalumu, yaani ile ya taasisi ya utafiti, wizara, hospitali au benki, hupimwa kwa kipimo cha maktaba za umma: imenunua vitabu vingapi, imepokea wasomaji wangapi. Kwa kipimo hicho itaonekana mzigo daima. Hazina yake ni karatasi za watumishi wa taasisi yenyewe: ripoti za udongo, vipimo vya mvua, kumbukumbu za visima, hata majaribio ya mbegu yaliyoshindwa, ambayo hakuna jarida lililotaka kuyachapisha.

Afrika Mashariki imekwisha kuonja hasara ya kutenganishwa na karatasi hizo. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902. Waingereza wakakirithi, na mwishoni mwa miaka ya 1940 utafiti wa kilimo ukahamishiwa Muguga, nje kidogo ya Nairobi, uhudumie Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja. Ulikuwa mpango wa busara. Lakini Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Muguga ilibaki Kenya pamoja na rafu zake, na mpaka na Tanzania ukafungwa hadi 1983. Mtafiti wa vituo vya Tanzania kama Ilonga au Uyole akatengwa na maandishi yanayohusu mashamba ya kwao. Tanzania ilijijenga taratibu. Mwaka 1991 maktaba ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, ikapewa kisheria jukumu la maktaba ya taifa ya kilimo.

Wapo wanaosema intaneti imemaliza kazi ya maktaba maalumu. Kwa upande mmoja wana haki: mpango wa HINARI wa Shirika la Afya Duniani, ulioanza 2002, na AGORA wa FAO uliofuata 2003, imezifungulia taasisi zetu maelfu ya majarida, bure au kwa ada nafuu. Ila milango hiyo hutuletea yaliyochapishwa. Ripoti ya udongo ya miaka ya 1950, iliyopigwa taipu, ramani yake ikiwa imekunjwa ndani ya jalada la nyuma, haimo humo. Na hata ikiskaniwa leo, jina lililo juu yake ni Jimbo la Nyanda za Juu Kusini, ambalo halipo tena. Anayetafuta habari za Njombe au Songwe hataifikia mpaka mkutubi ayaunganishe majina hayo kwenye katalogi, na kwa hilo lazima awe anaijua historia ya mipaka yetu.

Pingamizi zito zaidi ni la fedha: kwa nini aajiriwe mkutubi badala ya mtafiti mwingine? Jibu liko Kongwa. Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanzia huko mwaka 1947 na kufutwa 1951, ulimeza takriban pauni milioni 36, na ulianzishwa bila kumbukumbu za kutosha za mvua wala udongo wa mahali penyewe. Leo kumbukumbu tunazo, tunaziachia unyevu na mchwa. Za sasa ziko hatarini zaidi: mradi wa mfadhili ukiisha, ripoti hupelekwa kwa mfadhili, na takwimu huondoka na kompyuta ya mratibu. Kifungu kimoja cha mkataba kingelizuia hilo, bila jengo jipya wala bajeti kubwa: malipo ya mwisho yasitolewe kabla mkutubi hajatia sahihi kwamba amepokea ripoti pamoja na takwimu ghafi.