Kabla ya Kubadili Pawa Saplai, Pima Ukuta

Msimu wa korosho ukifika Nachingwea na Ruangwa, kompyuta za mezani za vyama vya msingi hazipumui. Kilo za kila mkulima na malipo yanayosubiri mnada wa chama kikuu cha ushirika, RUNALI, vyote vinapitia humo. Ndipo mojawapo inapoanza vituko: mchana inafanya kazi vizuri, jioni inajizima na kujiwasha yenyewe. Fundi anaitwa, anafunga pawa saplai nyingine, na wiki haiishi tatizo limerudi.

Mimi ningeanzia kwenye soketi ya ukutani. Umeme wa Tanzania umepangwa uwe wa volti 230, mizunguko 50 kwa sekunde. Lindi na Mtwara zilikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa, zikitegemea kituo cha Mtwara kinachotumia gesi ya Mnazi Bay. Kutoka Mtwara hadi Nachingwea, hata kwa mstari ulionyooka, ni kilomita 150 hivi. Waya una ukinzani, na ukinzani hula volti zaidi kadiri mkondo unavyoongezeka. Jioni taa, friji na pasi zikivuta kwa pamoja, aliye mwisho wa laini, mbali na transfoma, hupata masalio. Kwa hiyo pima soketi mara mbili: saa sita mchana na saa moja usiku.

Balbu ya zamani volti zikishuka hufifia tu. Pawa saplai haifanyi hivyo. Wati inazodaiwa na kompyuta lazima izitoe, basi huvuta mkondo zaidi. Kwa hesabu rahisi, wati 300 kwenye volti 230 ni ampea 1.3, kwenye volti 180 ni karibu 1.7. Joto la waya hufuata mraba wa mkondo, hivyo ekstensheni iliyolegea huchemka zaidi ya mara moja na nusu ya kawaida. Ishike plagi yake kwa nje. Ikiwa ya moto, umeshapata pa kuanzia.

Ndani ya pawa saplai za bei nafuu umeme hugeuzwa kuwa mkondo mnyoofu wa volti 325 hivi na kuwekwa kwenye kapasita kubwa, mtungi wa akiba wa kutumia bomba linapokata. Akiba hiyo hutosha kwa milisekunde 17 hivi, pungufu ya mzunguko mmoja wa umeme. Nayo hufuata mraba wa volti: kwenye 180 inabaki asilimia 61 tu. Ndiyo maana umeme ukikatika kwa kufumba na kufumbua mchana hakuna anayegundua, ila jioni mashine inazima. Kapasita nazo huzeeka, na kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka hupunguza maisha yake kwa nusu. Feni iliyojaa vumbi haisaidii.

Ukuta ukiwa sawa, sasa ingia ndani. Wengi huunganisha waya wa kijani na mweusi, feni ikizunguka wanasema pawa ni nzima. Hilo linathibitisha kwamba imeamka, basi. Pima ikiwa imechomekwa kwenye ubao mkuu na kompyuta inafanya kazi nzito, ukiingiza ncha ya multimita kwa nyuma ya plagi. Waya wa njano uwe kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu 4.75 hadi 5.25, wa chungwa 3.14 hadi 3.47. Njano ikishuka hadi 11.1 huku ukuta ukisoma 228, pawa saplai imechoka au imebebeshwa kupita uwezo wake. Boksi lenyewe usilifungue: zile volti 325 zinaweza kubaki humo hata baada ya kuchomoa waya.

Kwa mashine za mtumba, tazama swichi nyekundu ya nyuma. Ikiwa kwenye 115, huku kwetu utasikia mlio mmoja tu.

Umeme mdogo hutibiwa kwa stabilaiza yenye uwezo wa kutosha. Lakini multimita ikisoma 270 au 300, na taa zako zinang'aa kupita kiasi wakati za jirani zinafifia, huenda waya wa nyutro umelegea au umekatika, na nyumba zenu zinagawana volti 400 bila usawa. Hapo stabilaiza haitoshi. Zima meini swichi, mwambie jirani naye azime, kisha piga simu TANESCO.