Kweli au Si Kweli: Herufi za Gia ya Otomatiki

Wengi wanaoendesha otomatiki kati ya Kitengela na Kajiado walifundishwa udereva kwa gari la manyuali. Baadaye wakanunua Vitz, Axio, Note au Demio lililoshushwa Mombasa kutoka Japani, na tabia za klachi wakahamia nazo. Ndiyo maana gerejini na kwenye maegesho utasikia mambo ya P, R, N, D na L yakisemwa kwa uhakika mkubwa, ilhali mengine ni ya kumpeleka mtu kaburini.

"Ukipata mteremko, tia N uokoe petroli." Si kweli, na kati ya yote hili ndilo linalonitia hofu zaidi. Enzi za kabureta lilikuwa na mantiki yake. Injini za leo hupuliziwa petroli na nozeli zinazoongozwa na kompyuta. Ukiondoa mguu kwenye pedali ya mafuta huku gari likienda kasi katika D, kompyuta hufunga nozeli hizo, na magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukitia N, injini inakosa wa kuizungusha, kwa hiyo ni lazima inywe petroli ili isizime. Kwenye mteremko mkali, basi, ni N inayokula petroli.

Na petroli ndiyo hasara ndogo. Toka Kitengela hadi Isinya, kata kwenda Kiserian, kisha ushike barabara ya Magadi. Ukipita Kona Baridi, nchi inashuka kuelekea Bonde la Ufa. Vilima vya Ngong unavyoviacha nyuma vinafika mita 2,460. Ziwa Magadi unakokwenda liko kwenye mita 600 hivi. Teremka huko kwa N, na kinacholishika gari ni breki za mguu peke yake. Pedi zikibanwa muda mrefu hupata moto na kuanza kunuka. Mafuta ya breki yakichemka yanatoa mapovu, na mapovu hubonyea. Unakanyaga, pedali inazama hadi sakafuni, na gari halipunguzi mwendo. Watoto wako nyuma, na mbele kuna kona.

"L, 2 na S ni za matope tu." Si kweli, na dawa ya mteremko huo iko hapa hapa. Herufi hizi huizuia giaboksi isipande gia za juu, na kwa gia ndogo injini inalizuia gari yenyewe. Punguza mwendo kwanza kwa breki, kisha ushushe kijiti. Injini italia kwa sauti ya juu. Usiogope mradi mshale wa mizunguko haujafika kwenye rangi nyekundu. Breki utazigusa kwa vipindi tu, na zitakuwa na nguvu siku mbuzi wakikatiza barabara. Kwa gari lenye alama za + na −, kazi ni hiyo hiyo: peleka kijiti kwenye −.

Wenye haibridi kama Aqua wana B, na wengi huamini ni ya kuchaji betri, hata wanaendesha nayo mjini siku nzima. Hapana. Katika haibridi za Toyota, B ni ya kuzuia gari kwenye miteremko mirefu, hasa betri ikishajaa na haiwezi kupokea umeme zaidi. Katika safari za kawaida D inatosha, nayo huchaji kila unapofunga breki.

Kuhusu matope yenyewe, mkaazi wa Kitengela anaujua ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunata mvua ikinyesha. Gari likizama, dereva huanza kurusha kijiti D, R, D, R huku akikanyaga mafuta. Mafuta ya giaboksi hupata moto haraka sana kwa mchezo huo, na giaboksi ni ghali kuliko kumlipa mwenye trekta. Kanyaga mafuta kidogo kidogo, weka mawe au matawi chini ya tairi, na kila unapobadili mwelekeo subiri gari lisimame kabisa.

"Kwenye foleni tia N, giaboksi ipumzike." Si kweli kwa kiasi kikubwa. Katika otomatiki nyingi, injini na giaboksi huunganishwa na toki konveta, chombo kilichojaa mafuta na kilichoundwa kwa ajili ya kusimama huku injini ikizunguka. Kwenye foleni ya asubuhi kuelekea Athi River inayosonga kila baada ya muda mfupi, kaa D na mguu kwenye breki. Mkisimama muda mrefu, tia N na uvute breki ya mkono. Kosa baya ni kulishikilia gari kwenye kilima kwa kukanyaga mafuta badala ya breki.

"N haina kazi yoyote barabarani." Si kweli. Kapeti ikikwama juu ya pedali ya mafuta na gari likachomoka lenyewe, sukuma kijiti hadi N na ukanyage breki kwa nguvu. Katika magari mengi yenye kijiti, kutoka D kwenda N hakuhitaji kubonyeza kitufe. Usizime injini kabla gari halijasimama. Usukani utakuwa mzito na breki zitapungua nguvu.

"P inatosha, breki ya mkono ni ya manyuali." Nusu kweli. P hushusha jino dogo la chuma kwenye gurudumu lenye meno ndani ya giaboksi. Linashika, lakini kwenye kilima uzito wote wa gari unaliegemea, na asubuhi kijiti kinatoka kwa kishindo. Simama kwa breki ya mguu, tia N, vuta breki ya mkono, achia mguu gari likae juu yake, ndipo utie P.

"Betri ikifa, sukuma liwake." Si kweli. Pampu ya mafuta ya giaboksi huendeshwa na injini. Injini ikiwa imezima, pampu nayo haifanyi kazi, gia hazishiki, na magurudumu hayawezi kuizungusha injini. Tafuta nyaya za kuchangia umeme. Kwa sababu hiyo hiyo, kuvutwa kwa kamba katika N hadi Nairobi kunaweza kuua giaboksi, maana hakuna mafuta yanayozunguka. Itisha lori la kubeba gari, na kama ni Subaru la kuendesha magurudumu yote, lipandishwe lote.

Na kama betri imekufa na kijiti kimegoma kutoka P, angalia kando yake: magari mengi ya Kijapani yana kitufe au kifuniko kidogo kilichoandikwa SHIFT LOCK. Vuta breki ya mkono, kanyaga breki ya mguu, bonyeza hapo, na kijiti kitaachia.