Udongo wa Jasi: Ardhi Nyeupe Yenye Sharia Zake

Wengi wetu tunaijua jasi kwa kazi zake za mjini: ndiyo inayotiwa katika saruji ili isishike kabla fundi hajamaliza kazi yake, ndiyo inayotengenezewa zile dari ambazo mafundi huziita za jipsamu, na Mtanzania aliyepita Makanya, wilayani Same, au aliyetembea Kilwa, huenda ameyaona machimbo yake. Lakini si wengi waliopata kutafakari jinsi nchi inavyokuwa pale ambapo jasi si madini ya kuchimbwa na kupakiwa tu, bali ndiyo udongo wenyewe, unaonyeshewa na mvua, unaoota mimea na kukanyagwa na wanyama. Ardhi za namna hiyo zimeenea Somalia na Namibia, Iraki na Syria, Iran na Hispania, na zote zina sifa moja ya kushirikiana, nayo ni ukavu, kwa kuwa penye mvua nyingi jasi haidumu juu ya ardhi. Makala haya yanazitazama hasa zile za jimbo la Utah, magharibi ya Marekani, ambako ukame umekutana na baridi, na ambako watu wamejifunza, aghalabu kwa hasara, kwamba udongo huu hauhukumiwi kwa kanuni za udongo mwingine.

Katika nyanda za Capitol Reef na San Rafael Swell, nchi imeinuka kiasi cha mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Mvua na theluji, zikijumlishwa kwa mwaka mzima, ni takriban milimita 200 tu, na usiku wa majira ya baridi maji huganda. Zamani za kale mno, yapata miaka milioni 170 iliyopita, bahari isiyo na kina iliingia humo kutoka kaskazini, na kila maji yake yalipozuiliwa yakakaushwa na jua, yaliacha nyuma matabaka ya jasi, ambayo wanajiolojia huyahesabu katika kundi la miamba liitwalo Carmel. Katika bonde la Cathedral Valley kipo hata leo kilima kidogo, Glass Mountain, ambacho chote ni fuwele za jasi, bapa na zenye kupenyeza nuru. Na fuwele hizo, zijapong'aa kwa fahari yote hiyo, mtoto akizikwaruza kwa ukucha huziachia alama, maana jasi ni miongoni mwa madini laini kabisa.

Siri ya tabia za udongo huu imo katika maji. Jasi ni kalisi na salfeti zilizofungamana na maji ndani ya fuwele, na maji hayo ni karibu sehemu moja katika tano ya uzito wake. Huyeyuka, lakini kwa uchache: lita moja ya maji huchukua kiasi cha gramu mbili na nusu tu za jasi, hali chumvi ya kupikia huyeyuka humo zaidi ya gramu 350. Katika nchi yenye mvua tele uchache huo hautoshi kuiokoa, nayo huoshwa mwaka baada ya mwaka mpaka ikaishia mitoni. Lakini katika nchi kavu mvua huilowesha ardhi kwa kina kidogo, huyeyusha jasi kidogo na kuiteremsha kidogo, kisha maji yakaondoka kwa kunyonywa na mizizi na jua, na jasi ikabaki pale pale yalipokomea. Kwa karne nyingi za mwendo huo hujengeka chini ya uso wa nchi tabaka jeupe, pengine la unga laini, pengine gumu la kuishinda sururu. Mpimaji wa udongo anapotaka kulitofautisha na chokaa, ambayo nayo ni nyeupe na aghalabu huwa jirani yake, hudondosha tindikali hafifu: chokaa hufoka povu papo hapo, na jasi haibadiliki.

Mmea wa kawaida ukitupwa katika ardhi kama hiyo hupata taabu za kila upande. Kalisi iliyozidi huifunga fosforasi, ikawa imo udongoni lakini mizizi haiwezi kuifaidi. Udongo wa mfinyanzi ni haba, na kwa hiyo ile hazina ya kushika virutubisho, ambayo ndiyo utajiri wa shamba jema, nayo ni haba. Uso wa nchi ukikauka hugangamaa, na mche mchanga hauna nguvu ya kuupasua. Ajabu ni kwamba jasi hiyo hiyo, ikitiwa kwa kiasi katika udongo ulioharibiwa na magadi, huuponya, kwa kuwa kalisi huiondoa sodiamu na kulegeza udongo uliofumbana. Basi madini haya si adui wa mimea kwa dhati yake. Tatizo ni wingi wake.

Wala ardhi hii si tupu, kama inavyodhaniwa na apitaye haraka. Huota humo efedra, yenye vijiti vya kijani na majani madogo yasiyotambulikana kwa urahisi, pamoja na nyasi ngumu za kudumu na vichaka vifupi ambavyo kondoo na ng'ombe huvila. Na ipo mimea iliyojifunga na jasi hata haipatikani penginepo. Mmojawapo ni Arctomecon humilis, ua dogo jeupe la jamii ya popi, ambalo makazi yake yote duniani ni wilaya moja tu ya kusini-magharibi mwa Utah, nalo limelindwa kwa sheria tangu 1979. Tena mwaka 2014 wanazuoni wa Hispania walitangaza uchunguzi wao juu ya kichaka kiitwacho Helianthemum squamatum, kinachoota katika vilima vya jasi vya nchi yao: walipoyapima maji yaliyomo ndani ya mmea huo wakati wa kiangazi, walikuta kwamba baina ya asilimia 70 na 90 yalitoka katika fuwele za jasi zenyewe. Mmea ulikuwa ukinywa kutoka kwenye jiwe, na jiwe ambalo mkulima huliona kuwa ndilo sababu ya ukame wake lilikuwa kisima.

Hata hivyo, mlinzi mkuu wa ardhi hii si kichaka wala nyasi, bali ni utando hai uliofunika uso wake, ulioshikana kama ukoko wa wali. Ndani yake mna vijidudu vya sayanobakteria, ambavyo nyuzi zao zenye ute huzifunga chembe za udongo pamoja. Mna likeni, ambazo ni ushirika wa kuvu na mwani mdogo mno, na ambazo hustawi juu ya jasi kuliko juu ya udongo mwingi wa jirani. Na baadhi ya viumbe hivi huchukua nitrojeni ya hewani na kuirutubisha ardhi isiyo na mbolea nyingine. Utando huu huzuia upepo usichukue udongo, lakini haustahimili kukanyagwa: kwato moja huuvunja kwa nukta moja, na likeni zake huchukua miongo ya miaka kurudi.

Mwishoni mwa karne ya 19, reli zilipokwisha kufika, makundi makubwa ya kondoo na ng'ombe yaliingizwa katika nyanda za magharibi bila ya mpaka wala zamu, kila mchungaji akihofu kwamba nyasi asizozila mnyama wake leo zitaliwa na mnyama wa mwenziwe kesho. Matokeo yake yamehifadhiwa katika matope ya maziwa ya milima ya Colorado, ambamo wataalamu wamekuta kwamba vumbi liliongezeka mara kadhaa katika zama hizo, kisha likapungua baada ya sheria ya malisho ya mwaka 1934, iliyoweka vibali na hesabu ya mifugo. Na vumbi hilo halina madhara huko lilikotoka tu: likitua juu ya theluji ya milima huitia weusi, theluji ikanyonya joto na kuyeyuka kabla ya wakati wake, na mito ikapungukiwa na maji siku yanapohitajiwa.

Wajenzi nao wamepata ibra yao. Usiku wa kuamkia 1 Januari 1989, ukingo wa bwawa la Quail Creek, karibu na mji wa St. George huko huko Utah, ulibomoka baada ya maji kupenya chini ya msingi wake katika mwamba wenye jasi, yakiiyeyusha na kujipanulia njia. Na katika Iraki, bwawa la Mosul limejengwa juu ya matabaka ya jasi yanayoyeyuka daima, na tangu miaka ya 1980 mafundi wamekuwa wakishindilia saruji katika msingi wake ili kuziba mashimo yanayozaliwa upya. Jasi haikumdanganya mtu. Sifa yake ya kuyeyuka ilijulikana kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa.

Kwa mchungaji, njia ya insafu ipo, na baridi ya nchi hiyo ndiyo inayomsaidia kuifuata. Ardhi inapoganda, au inapofunikwa na theluji, utando ule hustahimili kwato kuliko wakati wa kiangazi, unapokuwa mkavu na mwepesi wa kuvunjika. Kwa hiyo malisho ya namna hii hufaa kutumiwa katika majira ya baridi, kwa mifugo michache na kwa muda mfupi, kisha wanyama wakaondolewa kabla mimea haijaanza kuchipua. Faida yake haitakuwa kubwa kama ya malisho ya udongo mwekundu wenye rutuba, na anayeitaka kwa nguvu faida hiyo ataipata mwaka mmoja au miwili, kisha atawaachia watoto wake vumbi. Anayekubali kupewa kidogo ndiye atakayepewa kila mwaka.