Sampuli Wakilishi: Nani Aulizwe Kuhusu Neno Jipya?

Istilahi tunayokusudia kuieleza safari hii ni sampuli wakilishi, yaani watu wachache walioteuliwa kwa namna ambayo kila aina ya watumiaji imo miongoni mwao. Yatupasa kuieleza kwa kuwa mara nyingi huchanganywa na maoni ya waliojitokeza wenyewe.

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Tangu hapo maneno ya kompyuta na simu yameongezeka, na kila toleo jipya laweza kuyabadili. Mfasiri atajuaje kama badiliko limeeleweka?

Tuchukue mfano wa Moa, wilayani Mkinga. Tuseme programu ya simu ya kuandikia mavuno ya baharini ina kitufe kiitwacho “Hifadhi”, na wafasiri wanataka kukiita “Tunza”, kwa hoja kwamba pwani neno hifadhi hutajwa pia kwa eneo la bahari lililolindwa kisheria. Mwulizaji afikaye dikoni saa nne asubuhi, siku za bamvua, atawakuta wavuvi na wachuuzi. Wanawake wakulima wa mwani hatawakuta, kwani maji yamekupwa nao wamo mashambani mwao. Akija usiku wa giza, wavuvi wa dagaa wamekwisha toka na taa zao. Basi majibu ya dikoni, hata yakifika elfu, ni ya dikoni tu.

Wingi hautibu kasoro hiyo. Mwaka 1936 gazeti la Literary Digest la Marekani lilipokea majibu zaidi ya milioni 2, likatabiri kwamba Landon angemshinda Roosevelt. Roosevelt akashinda katika majimbo 46 kati ya 48.

Hapana budi, basi, kwanza kuorodhesha watumiaji kwa kazi, jinsia, umri na lugha ya nyumbani, iwe Kidigo au Kisegeju, kisha kuteua kwa kura katika kila kundi, na kuwafuata kwa saa zao. Tena asiulizwe mtu kama neno ni zuri, maana mgeni huambiwa zuri kwa adabu. Apewe simu aandike mavuno yake, nasi tutazame anaposita.

Wapo wapendao kusema “kiwakilishi” peke yake. Lakini walimu wanalitumia neno hilo katika sarufi kwa neno lisimamalo badala ya nomino; kwa hiyo twashauri sampuli wakilishi ibaki.