SOMO LA REDIO: MGONJWA AKIULIZWA

  Sogeeni karibu na redio. Fungueni daftari mwandike maneno matatu: utafiti, ridhaa, siri. Yasomeni kwa sauti mara mbili. Haya, tuanze.

Tuseme mama mmoja wa Msangamkuu alivuka kwa kivuko kwenda mjini kujifungua. Alirudi salama na mtoto wake. Wiki chache zimepita. Siku moja anasikia hodi mlangoni. Ni binti mwenye mkoba na karatasi, naye baada ya salamu anasema, “Mama, nimekuja kukuuliza habari za siku uliyojifungua. Ulipokelewaje?” Mama anashtuka. Anajiuliza moyoni: huyu katumwa na nani? Na nikisema kweli, nitapokelewaje safari ijayo?

Leo tutamjibu mama huyo.

Kwanza, utafiti ni nini? Mvuvi akiona samaki wamepungua, hutega dema lake leo hapa na kesho kule, kisha hulinganisha. Huo ni utafiti. Daktari mtafiti hufanya vivyo hivyo, ila yeye huhesabu watu: wangapi walipona, wangapi walikufa, na wangapi walirudi nyumbani na machungu rohoni. Zamani wataalamu wengi walikuja, wakapima damu zetu, wakaondoka na vitabu vyao. Watafiti tunaowasema leo hukaa shauri moja na mganga mkuu wa wilaya, na wakunga, na wenye kijiji. Wanaloliona wanalirudisha hapo hapo hospitalini, ili kazi ya kesho iwe bora kuliko ya leo.

Hapa kwetu kusini kazi ya namna hii si ngeni. Mwaka 2010 Taasisi ya Afya Ifakara, ikishirikiana na wataalamu wa chuo cha afya cha London na wilaya zetu za Lindi na Mtwara, ilianzisha kazi iliyoitwa Mtunze Mtoto Mchanga. Wanawake wa vijijini wenyewe walijitolea kuwatembelea wenzao, mara tatu wakati wa mimba na mara mbili baada ya kuzaa. Walikuwa na kadi za picha, ili hata asiyejua kusoma aelewe, kama baadhi yetu tulivyokuwa juzi tu. Picha moja ilikuwa ya unyayo. Waliweka unyayo wa mtoto juu ya picha ile. Ukiwa mfupi kuliko picha, walijua mtoto ni mdogo mno na anataka uangalizi zaidi. Mizani haikuhitajika. Mimi naona hiyo ilikuwa akili kubwa sana.

Kazi hiyo haikupelekwa kila kata kwa mara moja. Kura ilipigwa, kata nyingine zikapata, nyingine hazikupata, ili iwezekane kulinganisha. Mwaka 2013 watafiti wakazunguka nyumba kwa nyumba kuhesabu. Wakaona kina mama waliotembelewa waliwanyonyesha watoto mapema zaidi, na wengi wao waliwapa maziwa yao matupu bila maji wala uji. Hilo lilikuwa jema. Lakini walipohesabu watoto waliokufa katika mwezi wa kwanza, idadi ilikuwa karibu sawa, penye kutembelewa na pasipo kutembelewa.

Msilipite jambo hili upesi. Kina mama walikuwa wamefanya sehemu yao. Wengi walikuwa wamekwisha acha kuzalia nyumbani, wakienda zahanati na hospitali kama walivyoshauriwa. Basi kama mama amefika mlangoni na mtoto bado anakufa, hapana budi tuulize linalotendeka ndani ya mlango ule. Watafiti wale hawakuyaficha matokeo. Waliyachapisha mwaka 2015, na wakasema waziwazi kwamba sasa hospitali zenyewe zitengenezwe. Mtafiti asemaye “tulilotumaini halikutokea” ni mtu wa kuaminiwa.

Lakini yanayotendeka ndani ya mlango utayajuaje? Daftari la wodi litakuambia mtoto alizaliwa saa ngapi. Halitakuambia kama mama aliachwa peke yake katika uchungu, au alifokewa. Hayo anayajua mama mwenyewe.

Sasa tutoke kusini kwa muda, twende mkoa wa Tanga, maana huko swali hili liliulizwa vizuri. Taasisi ile ile ya Ifakara, pamoja na Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani, walifanya kazi iliyoitwa Staha. Jina hilo halihitaji kuelezwa kwa mtu wa pwani. Waliwauliza kina mama kama walitendewa ubaya wakati wa kujifungua: kutukanwa, kupigwa kofi, kuachwa bila msaada, kuvuliwa nguo mbele za watu. Walipoulizwa siku ya kutoka hospitali, wanawake kama 19 katika kila 100 walisema ndiyo. Baadaye, kati ya wiki 5 na wiki 10, wengine wakafuatwa nyumbani kwao na kuulizwa yale yale. Safari hii waliosema ndiyo walikuwa 28 katika kila 100.

Andikeni hesabu hizo mbili katika daftari, 19 na 28. Kwa nini zinatofautiana? Mtu aliye bado kwenye uwanja wa hospitali, na mtoto mikononi, hushukuru tu kuwa yu hai. Tena huogopa. Akiisha kukaa kwake, kwenye jamvi lake, ulimi hulegea. Ndiyo maana yule binti alibisha hodi Msangamkuu na hakumsimamisha mama pale mlangoni pa wodi.

Tanga hawakuishia katika kuuliza. Wanakijiji na watumishi wa afya walikaa pamoja wakaandika mkataba wa haki na wajibu wa pande zote mbili. Kisha watumishi wa hospitali moja wakachagua wenyewe la kutengeneza. Wakatundika mapazia ili mama asionekane na wapita njia. Wakawaonya wenzao wenye ulimi mkali. Wakabandika ukutani orodha ya vitu vilivyokwisha katika stoo, ili mtu asidhani amenyimwa dawa kwa chuki. Na wakaweka chai kwa wauguzi wa zamu. Msicheke! Mkunga aliyekesha na njaa, mwenye wazazi wengi na mikono miwili tu, hawezi kuwa na maneno matamu alfajiri. Katika hospitali hiyo ubaya ulipungua sana kuliko katika hospitali ya pili iliyolinganishwa nayo.

Turudi kwetu. Mwaka 2020 ulianza utafiti mwingine uitwao ALERT, katika hospitali 16 za nchi nne: Tanzania, Uganda, Malawi na Benin. Kwa Tanzania, hospitali zilizochaguliwa ni za Lindi na Mtwara. Washirika walikuwa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili na chuo cha Karolinska cha Uswidi. Walianza kwa kusikiliza masimulizi ya kina mama, ya jamaa zao, na ya wakunga pia. Kutokana na masimulizi hayo mafunzo yakapangwa, viongozi wa wodi wakasaidiwa, na kila uzazi ukaandikwa katika daftari la kompyuta, ili wenye wodi wajione wanavyokwenda. Hospitali ziliingia kwa zamu. Ninyi mnaocheza upatu mtaelewa mara moja: kila mmoja atapata, lakini nani atangulie, kura ndiyo inayoamua.

Sasa tuje kwenye karatasi ya yule binti. Kabla hajakuuliza lolote, lazima apate ridhaa yako. Ridhaa ni kukubali kwa hiari, baada ya kuelewa. Karatasi yake hueleza ni nani anayefanya utafiti, kwa nini, itachukua muda gani, na kama lipo la kukudhuru. Itazame kwa makini. Utafiti wa afya katika Tanzania huombewa kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1979. Uliza, “Kibali kiko wapi?” Kuuliza hivyo si utovu wa adabu.

Kisha tafuta mistari miwili. Mmoja husema waweza kukataa, au kuacha katikati, na matibabu yako hayatapungua. Wa pili husema maneno yako yatakuwa siri, na jina lako halitatajwa kwa mkunga wala kwa daktari. Usipoiona mistari hiyo, usitie sahihi. Asiyejua kusoma husomewa mbele ya shahidi wake, kisha hutia dole gumba. Lakini wewe umo katika darasa hili, basi isome mwenyewe, hata kama utakwenda polepole. Binti atangoje.

Na ukikubali, semaje? Sema lililotokea, si lile unalodhani linatakiwa. “Ilikuwa vizuri tu” haimsaidii mtu. “Nilifika usiku, nikakaa bila kutazamwa mpaka adhana ya alfajiri” humwonyesha mganga mkuu saa ipi wodi imepungukiwa na watu. Na kama mkunga alikushika mkono akakuita mama, liseme pia, ili lijulikane na wenziwe.

Akina baba, nanyi mtaulizwa. Mara nyingi ninyi ndio mliotoa nauli ya kivuko, au mliolala nje kwenye baraza ya hospitali mkingoja habari.

Mwalimu wa darasa sasa ataandika ubaoni maneno haya: “Nimesomewa au nimesoma maelezo haya. Nimeelewa. Ninakubali kwa hiari yangu.” Kila mmoja ayasome kwa zamu, kisha aandike jina lake chini yake. Halafu wawili wawili, mmoja awe binti mwenye mkoba na mwingine awe mama, na mama aulize maswali matatu kabla ya kukubali. Juma lijalo, saa kama hii, leteni kadi zenu za kliniki, maana tutajifunza kusoma tarehe zilizoandikwa humo. Kwaherini.