Kamera ya mfukoni mbugani Meru: tazama mwanga kabla ya namba

Kamera ndogo za wasafiri huuzwa kwa namba. Boksi moja limeandikwa mara 30, la pili mara 40, na mnunuzi huamini kwamba mwenye namba kubwa ndiye atakayerudi na simba. Kwa msafiri anayepanga kupitia Embu, apande hadi Meru na kuingia mbugani kwa lango la Murera, mimi nasema namba hiyo itazamwe mwisho. Mwanga utangulie, kisha tundu la kuchungulia.

Namba yenyewe wengi huielewa vibaya. Panasonic Lumix TZ95 huanzia milimita 24 na kufika 720. Gawanya 720 kwa 24, unapata 30. Kwa hiyo mara 30 ni uwiano kati ya mwanzo wa lenzi na mwisho wake, wala haina maana kwamba mnyama atasogea mara 30 kuliko jicho linavyomwona. Jicho letu hukaribia lenzi ya milimita 50, hivyo milimita 720 humleta mnyama karibu mara 14 tu. Canon PowerShot SX740 HS iliyotoka mwaka 2018 hufika milimita 960, yaani mara 19 hivi. Ni nguvu kubwa kwa kifaa kinachoenea mfukoni, na hakuna simu inayofika huko kwa lenzi yake halisi.

Lakini nguvu hiyo ina gharama, na Meru huidai yote. Mbuga ya Kitaifa ya Meru, iliyotangazwa rasmi mwaka 1966, ina ukubwa wa kilomita za mraba 870 hivi. Nyasi zake ni ndefu na mito yake imefunikwa na miti. Picha za simba Elsa zilizojaa kwenye vitabu vya Joy Adamson zilipigwa kwa karibu kwa sababu Elsa alilelewa na watu. Alikufa mwaka 1961 na kaburi lake liko humo mbugani, lakini simba wa leo hawana mazoea hayo. Hulala nyasini mbali na barabara, na huamka jua likiwa chini. Ndipo shida inapoanza. Lenzi ya TZ95 ikivutwa mpaka mwisho, uwazi wake hupungua kutoka f/3.3 hadi f/6.4, na mwanga unaopita hubaki karibu robo. Kitambuzi cha picha ndani yake kina upana wa milimita 6 na kidogo, kimo 4.5. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakati simba bado wanatembea, kamera hii hulazimika kuongeza usikivu wake kwa mwanga, na manyoya ya simba hugeuka kama rangi iliyopakwa kwa brashi.

Ndiyo sababu, kwa mtu anayekwenda Meru akiwa na kamera moja tu, mimi ningechagua Lumix TZ200. Inaishia milimita 360, nusu ya ile nyingine, na muuzaji atakwambia ni mara 15 tu. Kitambuzi chake lakini kina milimita 13.2 kwa 8.8, yaani eneo mara nne ya kile kidogo, na picha yake ina megapikseli 20. Ukiikata katikati ili upate sura ile ile ya milimita 720, unabaki na megapikseli 5. Hizo zinatosha kuchapisha picha nzuri ya inchi 6 kwa 9 ya kuweka ukutani. Umepoteza kidogo mchana, na alfajiri umepata mengi zaidi.

Mchana hata milimita 960 hazikusaidii sana. Kuanzia saa nne hivi joto hupanda kutoka ardhini, na swala twiga aliye mbali huanza kuchezacheza ndani ya picha hata ukiwa umeshika kamera imara. Hakuna lenzi inayoondoa hilo. Tumia saa hizo kwa vilivyo karibu: twiga wa mabaka, punda milia wa Grevy, mikoma na mikindu kando ya mto Rojewero.

Tundu la kuchungulia ni jambo ambalo wauzaji hulitaja kwa sauti ya chini. TZ95 na TZ200 zinalo, Sony HX99 ina lile linaloinuliwa, SX740 haina, na Lumix TZ99 ya mwaka 2025 imelitoa kabisa. Katika jua la Meru kioo cha nyuma hugeuka cheusi, na hujui kama mdomo wa kifaru umo ndani ya fremu. Ukiweka jicho kwenye tundu unaona, na pia kamera inaegemea uso wako, hivyo mtikisiko unapungua. Ukivuta mpaka mwisho mtikisiko mdogo wa kidole huonekana.

Kwa mtikisiko, dawa ya bei nafuu ipo sokoni Kiritiri, Mbeere: kilo moja ya ndengu ndani ya mfuko wa kitambaa. Uweke kwenye ukingo wa dirisha la gari, lenzi ilale juu yake. Kisha mwombe dereva azime injini, maana gari linalonguruma hutikisa ndengu na kamera pamoja. Ukifika nyumbani ndengu zinapikwa. Mbung'o wa Meru wataingia kwenye dirisha lililo wazi, kwa hiyo acha nguo za buluu na nyeusi. Vumbi nalo huingia kwenye lenzi inayochomoza, na kamera hizi hazifunguki kusafishwa kama zile kubwa. Zima na rudisha mfukoni kila gari linapoondoka.

Upande wa Embu mahesabu yangu hubadilika. Hifadhi ya Kitaifa ya Mwea, ambayo wageni huichanganya na Mwea ya mpunga kule Kirinyaga, ni kilomita za mraba 42 tu, karibu na bwawa la Kamburu ambapo mto Thiba unakutana na Tana. Hapa kiboko na ndege wa majini wako wazi juu ya maji yenye mwanga mwingi, na milimita 720 zinafaa kwelikweli. Katika vichaka vya Embu na Meru yupo pia ndege wa Hinde, anayepatikana Kenya pekee. Yeye hujificha, na kamera yoyote itashika kijiti kilicho mbele yake. Chagua alama moja ndogo ya katikati katika mipangilio, uilenge kwenye jicho lake.

Jambo moja ninalolisema kwa uzito. Ndani ya mbuga ya Meru kuna eneo maalumu la faru lililozungushiwa uzio. Mwaka 1988 majangili waliwaua faru weupe watano waliokuwa wakilindwa humo mbugani usiku na mchana. Picha ya faru ikiwekwa mtandaoni pamoja na mahali ilipopigwa ni habari mikononi mwa jangili. Nyingi kati ya kamera hizi hazirekodi mahali, lakini simu unayotumia kutuma picha hurekodi. Zima huduma hiyo kabla ya kupita langoni.

Dukani kwenye barabara ya Luthuli, Nairobi, usikubali kuonyeshwa boksi. Omba betri yenye chaji, simama mlangoni, vuta mpaka mwisho uelekee bango lililo ng'ambo ya barabara, piga picha ukiwa umechungulia kwenye tundu, kisha ikuze kwenye kioo. Rudia ukiwa ndani ya duka, kwenye kona yenye giza. Picha hiyo ya pili ndiyo ya kuangalia kabla ya kutoa pesa.